Ndoyi

"Tia tena, Mama."

Emerance akaviweka tena vidole vyake juu ya kioo kidogo cha mashine. Taa ya kijani ikawaka chini yake, ikakawia kidogo, ikageuka nyekundu. Franck, kijana wa misheni ya kuandikisha wafanyakazi iliyotoka Kinshasa, akapangusa kioo kwa kitambaa, akamwomba na yeye ajipanguse. Emerance akajipangusa kwenye kitenge chake. Taa ikawaka tena, ikakawia, ikageuka nyekundu.

"Unafanyaka kazi gani, Mama?"

"Kazi yangu njo hii. Niko mama wa mashini ya hapa."

Hakudanganya. Chumba kile kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua chumba cha kompyuta cha maktaba ya mji wa Kindu, hapa mtaa wa Kasuku, kila siku inayopambazuka. Aliongeza maji kwenye betri za sola, akatoa vumbi kwenye vitufe kwa unyoya wa kuku, akawafukuza wanafunzi waliochomeka flashi zenye virusi, akawaandikia wazee barua za kwenda kwa watoto wao Lubumbashi. Jioni alizifunika mashine kwa vitenge vikuukuu, kila moja na kitenge chake. Misheni ilipofika na vyombo vyake vya kisasa, ikakuta mji hauna umeme, ndiyo maana Leta ikaja kuomba umeme kwa Emerance. Leta ndivyo tunavyoiita serikali huku kwetu, utadhani ni jina la mtu, mtu aliye safarini siku zote.

"Apana ya hapa. Kazi ingine. Vidole imeisha."

"Nakaangaka mandazi asubui, mbele ya kufungua."

Franck akatikisa kichwa. Mafuta ya moto na makaa hula ngozi polepole, na miaka ilikuwa mingi. Kisha akaugeuza mkono wa kulia wa Emerance, akaangalia vidole viwili vilivyopinda kama tangawizi.

"Na hii?"

"Vita."

Kijana akauachia mkono taratibu. Hakuwa mtu mbaya. "Basi loweka mikono mu maji ya moto, pakaa mafuta ya mawese, usishike moto. Urudi kesho. Misheni bado iko."

Mlangoni alikuwa amesimama Mkurugenzi wa maktaba, Florentin, mtu mnene mwenye sauti laini, akiangalia yote hayo huku akijipepea kwa bahasha. "Pole, Emerance," alisema. "Mungu atafanya."

Kuna neno ambalo mtu asiyetoka kwetu hawezi kulielewa haraka. Neno hilo ni mekanize. Mfanyakazi ambaye jina lake limo ndani ya mashine ya Kinshasa amekuwa mekanize. Huyo ni mtu wa Leta, mshahara wake unapajua nyumbani kwake. Ambaye hayumo, hata akifika kazini kabla ya jogoo, ni hewa. Emerance, mtunza mashine, hakuwa mekanize. Wasomaji walimtania: "Mama wa mashini, mashini yenyewe haikujue!" Naye alicheka pamoja nao, maana Kindu mtu akikataa kucheka atakufa mapema.

Kosa lake lilikuwa kuajiriwa wakati wa vita. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na Kinshasa, amani iliporudi, ikasema haimjui mtu yeyote aliyeandikwa kazi na waasi. Kana kwamba Emerance ndiye aliyewaalika. Akaambiwa asubiri, akasubiri. Subira huvuta heri, wanasema. Yake ilivuta mvi. Alikaa katika chumba kimoja nyuma ya maktaba, nyumba ya Leta, akaishi kwa maandazi. Mumewe alikwenda machimboni Punia, na huko akapata nyumba nyingine.

Mwaka huu ndipo ikaja habari: waliofanya kazi miaka ya vita watatambuliwa, na miaka yao yote itahesabiwa. Emerance aliposikia, alikaa chini kwenye ngazi ya maktaba akalia mbele za watu bila haya.

Mara moja tu kwa siku, asubuhi, alikuta jina lake limetajwa kwa heshima, na aliyelitaja hakuwa mtu. Alipowasha kompyuta kubwa, ile inayoziendesha nyingine zote, na kuandika neno lake la siri, kioo kilimwandikia: *Bonjour, Emerance*. Fundi aliyeifunga mashine ile ndiye aliyeipanga isalimie hivyo. Emerance alijua ni mashine tu. Hata hivyo kila asubuhi aliijibu, kwa sauti ndogo, "Bonjour."

Mwaka ule mji ulipozingirwa, vijiji vyote vilifungwa, hakuna muhogo ulioingia, hakuna mtu aliyetoka. Watu walikula mizizi ya mipapai. Maktaba ilikuwa na kompyuta moja, zawadi ya mapadri, na mkurugenzi wa wakati huo, kabla hajakimbia, alimwambia Emerance aitunze kama mtoto. Alikuwa msichana. Akatii. Akaizika ndani ya rundo la makaa jikoni, waya zake akazificha chini ya kitanda.

Wanajeshi wa waasi walipokuja, waliona waya.

"Fonie iko wapi?"

Fonie ni ile redio ya kuzungumzia na watu wa mbali. Walidhani anaongea na wapiganaji walio msituni.

"Si fonie. Ni waya ya ordinatere."

"Inaongeaka na nani?"

"Haiongeake na mutu."

Kompyuta isiyoongea na mtu, yenye waya nyingi namna ile? Wakacheka. Walikuwa wamekwisha kuwasha moto uani kwa vitabu vya sheria, wakichoma mahindi ya wizi. Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kizingiti. Alipigwa kitako cha bunduki mara ya kwanza, akaulizwa. Mara ya pili, hakuulizwa tena. Hakusema. Ujinga gani huo, kuvunjwa vidole kwa ajili ya chuma cha Leta! Lakini hakusema, na mashine ikapona.

Amani ilipofika, mkubwa mmoja alikuja na gari, akasema ile kompyuta inahitajika ofisini. Haikuonekana tena. Vita haikuichukua, amani ndiyo iliyoichukua.

Basi siku ile Emerance aliloweka mikono. Hakukaanga maandazi, hakushika sufuria, alilala na njaa na vidole vimepakwa mawese. Asubuhi alipita uani ameinua mikono mbele yake, kama mwari aliyepakwa hina. Wanafunzi wakamwangalia wakacheka. Akacheka nao. Kabla hajafika mlangoni mwa chumba chake, Florentin akamwita.

"Emerance, mashini ya lise ya Kailo imekufa. Perfe ananipigia simu, analia. Enda leo."

"Direkta, nilikuwa naenda kutia vidole."

"Vidole itakimbia? Misheni inakula kwangu, inalala kwangu. Siku ya kuondoka, mimi njo nitajua wa kwanza." Akatabasamu. "Uniachie dosie yako, nitaweka yangu mukono juu, ukirudi unapita bila kupanga mustari. Na ufunguo ya chumba."

Emerance alimpa vyote viwili. Ndani ya dosie ile mlikuwa na maisha yake yote: cheti cha kuzaliwa na karatasi ya kuajiriwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanyeje kama nguo yenyewe ni moja.

Alipanda pikipiki mpaka Kailo. Perfe wa lise, yaani mwalimu wa nidhamu wa shule ile ya sekondari, alimpokea kwa mshangao. Mashine ya shule ilikuwa mezani, inafanya kazi, mwanafunzi mmoja anaandika juu yake.

"Mimi nimepigia nani simu, Mama? Tangu juma lile sina hata unite mu simu."

Hapo ndipo moyo wa Emerance ulipolia paa. Hakukubali hata maji ya kunywa. Lakini mvua ilikwisha kuanza, mvua ya kwetu isiyojua adabu, na magogo ya daraja dogo yalichukuliwa na maji. Dereva wa pikipiki akakataa kuvuka. Emerance alilala kijijini kwa watu asiowajua, na kulipopambazuka alishuka mtoni akavuka kwa miguu, kitenge mabegani, akishikilia kamba waliyoifunga wakulima. Akatembea. Mvua ikaendelea kumnyeshea njia nzima. Alikuwa akiomba Mungu jambo moja tu: misheni isiwe imeondoka.

Haikuwa imeondoka. Franck alikuwa anakunja waya.

"Mama, uko na udongo mpaka kichwani!"

"Nimekuja kutia vidole. Feza Emerance."

Franck akaandika jina. Akaangalia kioo, akamwangalia yeye, akaangalia tena kioo.

"Mama, huyu alishapita."

"Nani?"

Akamgeuzia kioo. Palikuwa na uso wa msichana mwenye misuko mipya na blauzi nyeupe, anatabasamu kidogo tu, kama mtu aliyeambiwa asitabasamu. Nyuma yake kilining'inizwa kitenge chenye samaki wa kijani. Emerance alikitambua kitenge kabla ya kuutambua uso. Kilikuwa kifuniko cha kompyuta yake kubwa. Uso nao akautambua: ni Elodie, mtoto wa dada wa mke wa Florentin, aliyekuwa akija kutazama filamu jioni. Chini ya picha paliandikwa Feza Emerance, mwaka wa kuzaliwa wa Emerance, mwaka wa kuanza kazi wa Emerance, ule wa vita.

"Huyu mutoto," Emerance alisema polepole, "wakati mimi naanza kazi, yeye hakukuwa hata mu tumbo."

Franck akajifuta uso. "Mimi natia tu yenye wananipatia. Dosie ilikuwa muzuri. Direkta mwenyewe alimusindikiza."

"Utazame mwaka! Utazame sura!"

"Natazama, Mama. Lakini mashini haikukataa."

Emerance hakuomba ruhusa. Akaviweka vidole vyake juu ya kioo kidogo, vilivyolowa mvua ya njia nzima, vyeupe, vimekunjamana. Taa ya kijani ikawaka. Ikakawia. Ikabaki ya kijani.

Wote wawili wakaitazama.

"Imesoma," Franck akasema. "Inasoma vizuri sana. Inauliza sasa jina."

"Feza Emerance."

"Ile jina iko na mutu, Mama. Nikiandika mara ya pili, itaandika doublon, jina ya mara mbili, na Kinshasa doublon wanamuita mwizi." Akashusha sauti. "Uko na jina ingine?"

Hakuwa na jina lingine. Nani anatembea na jina la akiba? Taa ya kijani ikasubiri, ikachoka, ikazimika yenyewe.

Florentin hakukasirika alipoingiliwa ofisini na mtu mwenye matope. Alimvutia kiti mwenyewe. Hilo ndilo lililomtisha Emerance kuliko yote.

"Kaa, dada yangu. Najua. Ulikuwa unataka nifanye nini? Vidole yako mashini ilikataa, mbele ya macho yangu. Nafasi ingepotea. Nafasi ya Leta ikipotea hairudiake. Ule mutoto njo amekuokolea jina."

"Kuokoa jina?"

"Si ulikuwa unalia jina iingie mu mashini? Miaka yote unalia. Leo iko ndani. Unataka nini tena?"

"Vidole yangu imesoma sasa hivi, Direkta. Muulize Franck."

"Sasa hivi." Florentin akatabasamu kwa huruma. "Mutu anafika stesheni, treni imeisha kwenda, anasema niko na tiketi."

"Mimi njo Emerance!" Alipiga kelele mpaka wasomaji wakainua vichwa kwenye chumba cha vitabu. "Ulinituma Kailo! Mashini ya Kailo haikukufa!"

Florentin akaamka, akafunga mlango taratibu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ile ile laini.

"Unisikilize muzuri. Ukienda kusema, watauliza: uko nani? Utaonyesha nini? Dosie iko Kinshasa na sura ya mutoto. Wewe njo utakuwa mutu wa uongo, si yeye. Na mutu mwenye hayuko wa Leta hawezi kulala mu nyumba ya Leta. Unaelewa?" Akamwacha aelewe. "Mimi sikufukuzi. Mimi si munyama. Utabaki na chumba yako kule nyuma, utamufundisha mutoto kazi, mwisho wa mwezi na yeye atakukumbuka. Huyo si adui. Huyo ni ndoyi yako."

Ndoyi ni mtu mwenye jina lako. Kwetu ni undugu mkubwa kuliko wa damu mara nyingine. Ndoyi wako akizaliwa unampelekea kuku na kitambaa. Akifa unalia kuliko majirani. Na humwiti kwa jina lake, maana ungekuwa unajiita mwenyewe. Unamwita ndoyi, naye anakuita ndoyi. Emerance alikuwa na ndoyi mmoja tu duniani, bibi yake mzaa baba, aliyemwachia jina hilo kwa mate na maombi.

Alitaka kumtemea mate yule mtu usoni. Alifikiria kitanda chake, sufuria yake, paa la bati lisilovuja, umri wake. Mwenye nguvu mpishe. Akasema, "Niko naelewa," na sauti iliyosema hayo aliichukia tangu siku hiyo.

Elodie alikuja kazini na kiatu kipya na daftari. Alipofika mlangoni aliinamisha kichwa, akasalimia kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mbote, ndoyi."

Emerance aliendelea kupangusa vitufe. Msichana akasimama pale pale, daftari kifuani.

"Mama, naapa, mimi sikujua. Walisema mwenye jina alikufaka mu vita. Walisema jina iko tu, inalala bure."

"Hawakukudanganya sana," Emerance alisema. "Ingia. Funga mulango, vumbi inaingia."

Alimwonyesha betri na maji yake, unyoya wa kuku, vitenge na namna ya kuvikunja. Kitenge chenye samaki wa kijani hakukigusa; Elodie ndiye aliyekitoa, akakikunja vibaya. Kisha wakafika kwenye kompyuta kubwa.

"Hii inataka neno la siri."

"Njo gani?"

Emerance hakulitamka. Hakuwa amelitamka kwa mtu yeyote. Aliinama mbele ya msichana, akaliandika mwenyewe, vidole viwili vilivyopinda vikitafuta njia yao juu ya vitufe kama kila asubuhi. Kioo kikawaka buluu. *Bonjour, Emerance.*

Elodie akajivuta karibu na kioo, uso wake ukang'aa kwa mwanga ule. "Eh! Inanisalimia!" alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Akakaa kwenye kiti.

Saa ya wasomaji ikafika. Wanafunzi waliingia, wakamwona mtu mpya kitini, wakaketi. Hakuna aliyeuliza, watoto wa kwetu wanajifunza mapema mambo ya kutouliza. Mzee Tambwe, mwalimu mstaafu, alikaa kwenye mashine yake ya siku zote karibu na dirisha, anamwandikia mwanawe barua ambayo haijibiwi. Emerance alichukua ufagio, akaanza kufagia chini ya meza ambazo alikuwa amezifagia asubuhi.

Florentin akapita koridoni, akasimama mlangoni na bahasha yake, kuona kama kazi inaendelea.

"Emerance!" Mzee Tambwe akaita, bila kuinua macho. "Mashini yangu imekwama!"

Wanawake wawili wakainua vichwa kwa pamoja. Elodie akamtazama Florentin. Emerance naye akamtazama, ufagio mkononi, mdomo umekwisha kufunguka nusu.

Florentin alijipepea tu.

"Niko nakuja, Papa," Elodie akaitika.

Mzee Tambwe akageuka kuelekea sauti ile. Akamwona msichana, akamwona Emerance, akamwona mkurugenzi mlangoni. Alikaa kitambo macho kwenye ufagio. Kisha akageukia kioo chake kilichokwama, akavua miwani, akaanza kuifuta, wala haikuwa na uchafu.

Elodie alipita karibu na Emerance, akainama kana kwamba anaokota kitu.

"Ndoyi," alinong'ona, "ikikwama wanafanyaka nini?"

Emerance alifagia mara moja, mara ya pili.

"Zima," alisema. "Halafu uwashe. Itasahau yote."